Miduara kwenye kapo la bluu

Mpaka leo siwezi kupita kando ya gari lililoegeshwa juani bila kuinama. Nainamisha kichwa mpaka shavu linakaribia chuma, nafumba jicho moja, naangalia rangi inavyoupokea mwanga. Wajukuu wangu hucheka, wanadhani nimeangusha kitu. Sijaangusha kitu. Natafuta mikwaruzo, na ninajua kuisoma: ile iliyonyooka na ile ya mviringo. Kusoma huko nilifundishwa siku moja mbele ya watu, kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote wakati ule.

Ilikuwa Kolwezi, Wabelgiji wakiwa bado wameishika nchi na sisi hatujui kwamba siku zao zinahesabika. Tulikaa Kapata, katika zile nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu, maana baba aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Kaka zangu wakubwa walimfuata huko huko. Mimi daktari alisikiliza kifua changu akatikisa kichwa, basi nikabaki mtu wa ndoo na kitambaa. Nilikuwa naosha magari.

Usidhani niliona haya. Magari ya watu weusi wakati ule ungeweza kuyataja yote bila kuvuta pumzi, na zuri kuliko yote nililiosha mimi. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa upande wa Maniema, aliyepeleka chumvi na vitambaa Kasaji na Kisenge kwa lori lake. Lori lilikuwa la kazi, lakini gari dogo lilikuwa la heshima. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, bluu iliyokolea, na kila Ijumaa asubuhi alinipa nilioshe kabla ya kwenda kusali. Alikuwa mpole, akizungumza huku anazungusha pete kidoleni, na neno lake likitoka halikurudi.

Dereva wake alikuwa mzee aliyekwisha kutangaza kwamba mvua zikianza atarudi kijijini kwao. Siku moja yule tajiri, akiwa amesimama mlangoni mwa duka lake, aliniambia:

“Motokari ni sawa mutu, inapenda uso yake ikuwe safi. Mutu mwenye atachunga uso ya hii motokari muzuri, ule njo nitamufundisha volani.”

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Hujui dereva alikuwa nani siku hizo! Dereva alivaa kofia, alipigiwa saluti na walinzi wa vizuizi kwa makosa, wasichana walijua mlio wa injini yake kabla hajakata kona. Nami, ambaye mgodi ulinikataa, ningeshika hiyo volani, usukani wa gari la bluu, na kupita polepole mbele ya kila nyumba ya Kapata. Nilikwisha kuchagua hata namna ya kuweka kiwiko dirishani.

Kwa hiyo nililiosha gari lile kwa mapenzi, na kwa njia niliyoijua mimi. Kwetu mwanamke alijulikana kwa sufuria zake. Baada ya kuosha, akina mama walizipanga kwenye kichanja nje, matako ya sufuria yakitazama barabara, na ole wake mwenye sufuria nyeusi. Mama yangu alizisugua kwa sabuni aliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya mawese na maji ya jivu, kisha akamalizia kwa jivu laini lililochekechwa, mkono ukizunguka, ukizunguka, mpaka chuma kilimulika kama kioo. Alipokuwa na mimba ya dada yangu, mimi nikiwa bado mtoto, mgongo ulimsumbua, nami nikazisugua miezi ile yote. Majirani walikuja kuuliza ni msichana gani amekuja kumsaidia.

Basi nililifanyia gari kama nilivyofanyia sufuria. Ndoo mbili za maji, kipande cha blanketi kuukuu, sabuni ya mama, na pale palipokuwa na lami au kinyesi cha ndege, jivu kidogo. Mkono ulizunguka. Maji yakiwa bado hayajakauka, gari lilikuwa linang'aa hadi tajiri anakinga macho. Mama alinifungia jivu kwenye kopo kila Alhamisi, akisema kwamba hakuna tajiri wa Kolwezi mwenye gari lenye matako safi kama yale.

Shemeji yangu alikuja kutoka Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, akiwa na sanduku moja na dada yangu. Ni mimi niliyemtafutia kazi. Kumbuka hilo. Nilimpeleka mwenyewe kwenye gereji ya Mzungu mmoja, kwenye barabara itokayo mji wa Wazungu kuja upande wetu, nikasema huyu ni mume wa dada yangu, ana mikono mizuri. Alikuwa kijana mrefu, asiye na maneno mengi. Kwa desturi ya kwetu mimi, kaka wa mkewe, nilikuwa mtu wa kuheshimiwa naye. Alinisalimu kwa kuinama na hakuketi kabla sijaketi. Jambo hilo nililifurahia sana, nakiri.

Halafu gereji ikajenga lavaji, mahali pa kuoshea magari. Waliinua njia mbili za saruji ambazo gari lilipanda na kusimama hewani, wakaleta pampu, na mpira wa maji uliokuwa na burashi ndefu mwishoni, maji yakitoka katikati ya nywele za burashi yenyewe. Mtu alisimama chini na kufika paani bila kupanda kitu. Shemeji yangu akapewa kazi hiyo. Akapewa na ovaroli ya bluu na buti za mpira, nyeusi, zinazofika gotini.

Nilipita hapo mara ya kwanza nikamwona amesimama ndani ya maji na miguu yake mikavu. Mimi miaka yote miguu yangu ilikuwa imepauka na kupasuka kwa sabuni. Buti zile ziliniuma rohoni. Nilimwambia zinanuka mpira.

Kiangazi kile vumbi lilizidi. Ijumaa moja nilikaa na ndoo zangu mbili zimejaa, nikangoja, na gari halikuja. Jua likapanda. Nikafunga blanketi langu kiunoni nikaenda mpaka barabarani, na pale, juu ya njia za saruji, niliona gari la bluu likimwagiwa maji pande zote huku tajiri amekaa kwenye kiti anakunywa chai. Kazi yangu ya asubuhi nzima ilikwisha kabla kikombe hakijaisha.

“Nilitoka Kisenge na vumbi mingi,” tajiri aliniambia, bila hatia yoyote. “Hapa ni mbio. Usikasirike, mutoto yangu.”

Nilijikaza kisabuni nikacheka. Shemeji alinisalimu kwa kuinama, burashi mkononi, nami nilitamani ateleze.

Jumapili iliyofuata walikuja kula kwetu. Mama na mkwewe hawakula pamoja wala hawakutazamana usoni, hiyo ni adabu ya kwetu, kwa hiyo chakula chetu wanaume kililetwa nje na dada yangu. Kuku alichinjwa. Tangu baba na kaka zangu waanze kula kwa zamu za mgodi, firigisi ilikuwa inakuja kwangu. Siku hiyo nilifunua bakuli nikaiona imelazwa upande wa mgeni, juu kabisa, peke yake, kama bwana. Mama alikuwa ameipeleka kwa mkwe. Alikuwa na haki, mkwe hupewa, na hata mwaka uliotangulia alipewa na mimi sikusema kitu. Lakini mwaka uliotangulia hakuwa na buti.

“Kula we, shemeji,” aliniambia, akisukuma bakuli.

“Ni yako,” nikasema. “We njo mukubwa ya maji sasa.”

Aliila polepole, na kila alipotafuna mimi nilisikia.

Ijumaa mbili zikapita, tatu, nne. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mzee dereva alikuwa ameanza kufunga mizigo. Nami nikawa na kazi mpya ya kukaa upande wa pili wa barabara, kwenye jiwe, nikitazama lavaji. Watu walinidhania mgonjwa. Niliona mengi. Niliona kwamba burashi ile ile iliyosugua malori ya mgodi, yenye matope ya mawe ndani ya kila tundu, ndiyo iliyosugua magari madogo bila kusuuzwa. Niliona ikiangushwa chini kwenye changarawe na kuokotwa. Mchana mmoja gari la bluu lilipokuwa limeegeshwa dukani nilipanda kwenye kreti la chupa, nikatazama paa jua likiwa limelala upande: mistari! Mistari myembamba, mirefu, kutoka mbele kwenda nyuma, ndani ya rangi yenyewe.

Furaha niliyoipata sijaipata tena, hata siku nilipooa.

Sikuangalia mahali pengine. Niliangalia paa tu, maana paa ndiyo sehemu ambayo mimi, kwa ufupi wangu, nilikuwa nikipitisha kitambaa haraka haraka nikaiacha. Niliruka kutoka kwenye kreti nikaingia dukani. Kulikuwa na wateja, wapakizi wa lori, na yule mzee dereva. Nilisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie:

“Tata, lavaji inaua motokari yako! Burosi ya makamio ya mugodi njo banaosha nayo. Rangi yote imekwaruzwa. Minasema kweli, na kama munafikiri ni wivu, muite fundi ya rangi akuye aangalie!”

Tajiri alizungusha pete yake. “Sawa,” akasema. “Jumapili, nyuma ya misa yenu. Fundi akuye, na shemeji yako akuye.”

Jioni hiyo, jua halijazama, shemeji yangu alikuja Kapata kwa miguu, bila dada yangu. Hakuketi. Alisimama akishika kofia yake kwa mikono miwili.

“Shemeji, minakulomba. Ile maneno ya fundi tuiache. Enda uambie tata ulikosea. Ao useme mi njo nilikosea, nitaitika.”

“Unaogopa,” nikasema.

“Minaogopa, ndiyo.”

Nilimcheka mbele ya uso wake. Nilimwambia avue zile buti mapema, ajizoeze. Akainama kwa heshima kama kawaida na kuondoka. Nilikula vizuri siku ile.

Fundi wa rangi alikuwa mtu mzima wa gereji ile ile, vidole vyake havikutoka rangi hata siku ya Bwana. Magari yote yaliyogongwa Kolwezi yalipita mikononi mwake. Alifika Jumapili akiwa bado na suti ya kanisani, akavua koti, akampa mtu amshikie. Hakutaka maelezo. Aliomba gari lisogezwe juani, kisha akafanya lile jambo ambalo nimelifanya tangu siku hiyo: aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia chuma, akafumba jicho moja.

Alianza na paa. “Burosi,” akasema. “Hii mistari inatoka mbele inaenda nyuma, sawa mukono ya mutu mwenye kusimama chini. Kijana iko na haki. Burosi ya lavaji iko na mucanga.”

Nilimtazama kila mtu mmoja mmoja. Nilimtazama shemeji yangu kwa muda mrefu kuliko wote. Yeye alikuwa anatazama chini.

“Lakini hii ni kidogo,” fundi akaendelea. “Iko juu juu. Hii inatoka.” Kisha akashuka kwenye kapo, kile kifuniko cha injini, mahali palipokuwa fahari yangu. Akalamba kidole, akapaka mate, akangoja yakauke. Akaenda mlangoni, akarudi. “Hapa njo kuna kazi. Kuyeni muone.”

Tulisogea. Aliniinamisha shingo kwa mkono wake mwenyewe mpaka jua likakaa mahali pake, na hapo niliiona. Miduara. Kapo lote lilikuwa limejaa miduara midogo iliyopandana, mia, elfu, kama vile mtu amelisugua kwa mchanga, na katikati yake madoa meupe meupe ambapo bluu ilikuwa imekufa.

“Lavaji haiwezi kuzunguka hivi,” fundi akasema. “Hii ni mukono, na kitambaa yenye vumbi. Hakumwanga maji mingi kwanza ili vumbi itoke yenyewe, alisugua nayo. Na hii nyeupe ni jivu. Jivu inakula rangi. Kwa kwanza inang'aa, sababu unatoa ngozi ya juu, unafurahi. Kila juma unatoa ngozi. Nani anaosha motokari na jivu?”

Wapakizi wote walikuwa wamewahi kuniona na kopo langu. Mkono wangu wa kulia niliuficha mfukoni kama mtu aliyeiba.

Ingeishia hapo ningeweza kuvumilia. Lakini fundi alikuwa amepiga goti kwenye mlango wa nyuma, anapitisha ukucha.

“Na hii? Hapa miduara inakatika.” Alionyesha. Ilikuwa kweli: nusu ya mlango ilikuwa na miduara, nusu ilikuwa laini, bluu yake imerudi. “Kuna mutu anaifuta. Na pate ya kung'arisha, mikono tu, kidogo kidogo, juma kwa juma. Kazi ya uvumilivu.” Akainua kichwa akamtazama shemeji yangu. “Sasa najua pate yangu inaishia wapi.”

“Tata, nilibeba kidogo,” shemeji akasema. “Munisamehe.”

“Juu ya nini?” tajiri akauliza. “Ulikuta motokari imeharibika, siku ya kwanza kabisa. Juu ya nini haukuniambia?”

Shemeji aligeuza kofia yake. “Ule ni kaka ya bibi yangu, tata. Nitamusema namna gani?”

Nilisimama pale juani. Ijumaa zote zile nilizokaa kwenye jiwe nikimtakia mabaya, yeye alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango akifuta mkono wangu kutoka kwenye gari. Na alipokuja Kapata na kofia mikononi alikuwa anaogopa, kweli, ila aliogopa kwa ajili yangu. Mtu mwema angelia. Mimi nilishikwa na wivu mkali kuliko wa buti na wa firigisi, kwa sababu hata wema alikuwa amenitangulia kuufikia, na mbele ya watu.

Tajiri hakunigombeza. Alitoa funguo mfukoni akaziweka kwenye kiganja cha shemeji yangu. “Mvua ikianza,” akasema, “utaanza volani.” Basi.

Nyumbani mama aliniuliza fundi ameona nini. Nilimwambia ameona mistari ya burashi. Alhamisi alinifungia jivu kwenye kopo kama siku zote, nami nililipokea kwa mikono miwili, nikaenda kulimwaga nyuma ya choo. Nilifanya hivyo Alhamisi nyingi. Hakujua kamwe, na sufuria zake ziliendelea kung'aa.

Mvua zikaanza, na mwisho wa miezi miwili shemeji yangu alikuwa anaendesha. Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa Kasaji, kumpeleka tajiri kwenye duka lake la kule. Aliomba mtu wa kusafisha gari njiani, na alimtaja mtu mmoja tu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu dada yangu alikuja mwenyewe, akanitazama kwa lile jicho ambalo kwetu halikataliwi, nikachukua ndoo.

Nilikaa mbele kando yake, na nilitazama mikono yake kwenye usukani njia nzima. Aliushika vizuri. Kiwiko alikiweka dirishani hasa kama nilivyokuwa nimekipanga mimi.

Tulifika matope yamepanda mpaka vioo. Tajiri aliingia dukani. Nilimwaga maji mengi kwanza, ndoo baada ya ndoo kutoka kisimani, bila kugusa, mpaka matope yakashuka yenyewe. Kisha kitambaa safi, kutoka mbele kwenda nyuma, mstari kwa mstari. Kila mara mkono ulitaka kuzunguka na kila mara niliuzuia. Yeye alikaa kwenye ngazi na buti zake, hakutoa amri hata moja.

Mawingu yakafunguka, jua likapiga kapo. Niliinama. Lilikuwa laini lote, bluu tupu, alikuwa amelimaliza. Isipokuwa karibu na kioo, pembeni upande wa kulia, mbele ya kiti changu, palibaki miduara mitatu. Niliweka kidole juu yake.

“Hii uliiacha juu ya nini?”

Alikuja, akainama kando yangu, shavu karibu na chuma, akafumba jicho moja.

“Pate iliisha, shemeji.”

Pate iliyotosha kapo zima ikaja kuishia hasa mbele ya kiti changu: nilitaka kumchukia kwa jibu lile, na kwa miaka mingi nilijaribu. Nilirudi naye Kolwezi nikiwa kwenye kiti kile kile, miduara yangu mitatu mbele ya macho yangu njia nzima. Usukani wa gari la bluu sikuushika kamwe.